Mlango wangu mpya wa kioo

Nawaandikia nikiwa nimejibanza kando ya friji, nyumbani kwangu mwenyewe.

Mlango wa mbele ulikuwa umeoza. Binti yangu Hamdi, nesi, akaninunulia mpya.
Nikachagua wa kioo kitupu, juu hadi chini. Mtaa wetu mzima wa Bordesley Green hamna mwingine kama huo, msinibishie.

Leo fundi alipoondoka nikavua mtandio, nikaingia jikoni, mkabala na mlango huo, kupika chai.
Kugeuka hivi, kituo kizima cha basi ng'ambo ya barabara kinaniona, na mzee mmoja ananipungia mkono.

Nikampigia Hamdi.
"Mama, si nilikwambia uchukue kioo cha ukungu?"
"Hamdi, niletee pazia."
"Natoka kazini saa kumi na mbili."

Nimejitanda taulo la vyombo, halinifiki shingoni.
Mtandio nimeutundika pale pale mlangoni.
Basi halijafika, na mzee bado anapunga.
Nipeni akili.