Kicheko cha Banda la Video

Juzi binti yangu alikuwa anaangalia muvi kwenye simu. Mwanamke akazabwa kibao, binti yangu akaangua kicheko. Nikampokonya simu.

"Mama jamani, ni muvi tu!"

Muvi tu. Maneno hayo yakanirudisha utotoni Sumbawanga, kwenye banda la video nyuma ya soko, Jumapili moja baada ya misa. Banda lilinuka dizeli ya jenereta na makoti yaliyolowa mvua. Mama alikuwa amejifunika kitenge hadi shavuni. Aliniambia jino linamuuma. Kwenye muvi mume alimzaba mkewe kibao, na mtafsiri, yule anayezisemea muvi za nje kwa Kiswahili, akapayuka: "Pokea chai hiyo, mama, sukari utaweka mwenyewe!"

Banda zima likacheka. "Huyo ndiye mume!" jamaa mmoja akapiga kelele.

Mama peke yake hakucheka. Nyumbani tulizungumza Kifipa, basi nikadhani Kiswahili cha haraka kimempita. Nikamsogelea sikioni, nikamrudia utani wote kwa Kifipa, taratibu, kibao na chai na sukari, ili naye afurahi.

"Nimeelewa, mwanangu," alisema, akakivuta kitenge.

Halikuwa jino. Ulikuwa mkono wa baba. Nilikuja kujua hayo Mama akiwa ameshazikwa.

Nikamrudishia binti yangu simu. Nikamwambia airudishe muvi pale kwenye kibao, tuangalie wote, kisha anieleze kinachochekesha.