Jiliwa la Waino na Alama ya Kucha

Ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, na taa bado zinawaka. Theluji ya kwanza imeanguka usiku, nyepesi kama unga uliomwagika, na katika kibanda kilicho nyuma ya nyumba yake Verna Kettunen amepiga magoti chini ya meza ya kazi. Anakagua boliti nne zinazoshikilia jiliwa, kibano kizito cha chuma. Anazigusa kwa vidole, halafu kwa spana, halafu kwa vidole tena.

"Tangu Agosti nafanya hivi kila asubuhi," anasema akijifuta magoti. "Usiniulize kwanza. Ngoja ninywe kahawa."

Verna ana miaka 54. Siku za shule huwapikia wanafunzi 140 chakula cha mchana. Jioni na Jumamosi ni fundi bunduki, mwenye leseni iliyotundikwa ukutani na wateja wasiojua kungoja. Msimu wa kulungu unafunguliwa Novemba 15, na huku kaskazini mwa Michigan siku hiyo hata shule hufungwa. Wiki mbili kabla yake ndipo kila mtu hukumbuka kwamba bunduki yake ilikuwa mbovu tangu mwaka jana.

Kazi anayojulikana nayo ni kubadili mitutu. Mtutu uliochakaa hufunguliwa, mpya hufungwa mahali pake. Hutoza dola 90, na mwaka mzuri hufikisha mitutu sitini. "Inalipa mafuta ya kupasha nyumba joto," anasema. "Utajiri waulize wengine."

Kazi hiyo inasimama juu ya kitu kimoja, jiliwa la kushika mtutu usizunguke wakati spana inafanya kazi yake. Vijana humpigia simu kila wiki kumuuliza wanunue lipi ili wajifanyie nyumbani. Jibu lake ni lilelile.

"Nawaambia, kwanza nionyesheni meza. Ukifunga jiliwa zuri kwenye meza ya kulia chakula, utaizungusha meza yenyewe, na mtutu utabaki palepale unakucheka. La pili ni vibao vya kushikia. Watu wanadhani dawa ni nguvu. Mtutu ukiteleza wanakaza, ukiteleza wanakaza, mpaka wanauumiza. Shida ni ukubwa wa tundu la vibao hivyo. Likikaa kama kiatu chako mwenyewe, hata kwa nguvu kidogo mtutu hauendi popote."

Jambo la kuchekesha ni kwamba jiliwa la Verna mwenyewe lingefeli mtihani huo. Ni mapande mawili ya chuma kizito, yaliyochongwa na mzee Waino Pelto, aliyekuwa fundi mitambo wa mgodi wa shaba. Pande la juu lina kipande kilichobanduka. Uzungushie mtutu karatasi, uupake ulimbo wa msonobari uliosagwa, bado jiliwa hilo litaacha alama moja ndogo, umbo la kucha iliyokatwa. Verna huielekeza upande wa chini wa mtutu, ambako mbao ya kitako itaificha.

"Bibi kizee ana jino moja na bado anauma," anasema mumewe, Roy, akiingia na birika. Mkononi ana katalogi. Amezungushia kalamu majiliwa matatu mapya, na la katikati, la dola 240, amelizungushia mara mbili. "Leo saa sita napiga simu kuagiza. Au ghairi sasa hivi, mke wangu, maana nimekusikiliza ukisita tangu kiangazi."

"Piga tu," anasema Verna, lakini hamtazami.

Verna alilinunua jiliwa lake la zamani mwaka 2016, kwenye mnada wa vitu vya Waino, mwaka mmoja baada ya mzee huyo kufa peke yake shambani. Alitoa dola 35. Hakuna mwingine aliyenyoosha mkono.

Miaka miwili baadaye akaletewa bunduki ya Arvid Hautala.

Habari za Arvid zinajulikana na kila mtu hapa. Novemba 2009, akiwa na miaka 37, aliegesha gari lake kando ya barabara ya msituni, akaingia kuwinda, hakutoka. Watu walitafuta siku kumi na moja, pamoja na mbwa, mpaka theluji ikawafika kiunoni. Mama yake, Elma, alikataa ibada ya mazishi. Mchungaji alimwendea mara tatu, mara zote akanyweshwa kahawa na kurudishwa nyumbani.

Kisha, mwaka 2018, wakata miti waliokwenda kupima msitu waliikuta bunduki hiyo ndani ya kibanda kilichoachwa zamani. Ilikuwa imetundikwa juu ya misumari miwili. Haikuwa na kutu. Ilikuwa imepakwa mafuta.

Askari wa kaunti walisoma namba yake na kumrudishia mama. Mama akaipeleka kwa Verna. "Akaniambia, ifungue tu uiangalie, sitaki kitu kingine," anakumbuka Verna. "Nikatoa kitako. Nikakaa chini."

Mafundi wa huku wana desturi. Ukibadili mtutu, unachora kwa msumari herufi za jina lako na tarehe upande wa chini, ndani ya mbao, mahali ambapo mwenye bunduki haoni. Atakayesoma ni yule atakayeifungua baada yako. Verna aliyakuta maandishi hayo. Yalisema A.H., na chini yake, Aprili 2014.

Miaka minne na nusu baada ya Arvid kupotea.

Kando ya maandishi hayo palikuwa na alama ndogo ya kucha.

"Nilichukua kipande cha bomba nikakibana kwenye jiliwa langu, nikakitoa, nikaweka alama mbili pamoja," anasema. Anainua vidole viwili na kuvigusanisha. "Ni kinywa kimoja. Mtutu ule ulibadilishwa kwenye jiliwa hili hili, nyumbani kwa Waino, Waino akiwa hai. Na Waino hakumwambia mtu. Nilimchukia mzee wa watu akiwa kaburini."

Mama aliiangalia ile A. Haikuwa na mstari wa katikati. Arvid aliiandika hivyo tangu darasa la kwanza, na mwalimu alimchapa kwa ajili yake bila mafanikio. Bi Elma hakulia. Aliuliza shamba la Waino liko maili ngapi kutoka kwake.

"Kumi na nane," Verna alimwambia.

"Kumi na nane," alisema mama. "Angeweza kuja kwa miguu."

Tangu hapo, kila mwaka msimu ukikaribia, Bi Elma huileta bunduki isafishwe. Hakuna anayeipiga. Verna hutoa kitako, mama huvaa miwani, husoma maandishi, kisha mbao inarudishwa. Verna hatozi kitu. Anakiri kwamba siku hiyo huiogopa, kwa sababu mwaka mmoja mama hatakuja, na yeye atabaki na jiliwa lililojua siri kuliko mama mzazi. Ndiyo maana amekubali, nusu nusu, kununua jipya.

Saa nne na robo gari linasikika. Bi Elma ana miaka 81 na anaendesha mwenyewe, polepole, katikati ya barabara. Anaingia na bunduki ndani ya blanketi na mkate wa iliki chini ya kwapa.

"Roy, umenenepa," anasema.

"Ni wewe na mikate yako, Bi Elma."

"Basi leo hupati." Anampa Verna mkate. Mikono yake imepinda kwa baridi yabisi. Kufungua chupa ya jamu ni kazi ya kumwita jirani, anasema, na jirani mwenyewe ana miaka 79.

Verna anafunua blanketi, anainua bunduki, na mikono yake inasimama. Uzito si ule anaoujua.

"Bi Elma, kuna mtu ameigusa hii?"

"Nani aiguse? Iko ukutani jikoni, pale pale."

"Mlango unafunga?"

"Nifunge mlango, akija aingilie wapi?"

Verna anailaza mezani na kufungua skrubu mbili za kitako. Roy, aliyekuwa amekwisha shika mlango atoke, anarudi. Mbao inaachia. Chini ya taa chuma kinang'aa rangi ya buluu nzito, bila mkwaruzo hata mmoja wa miaka.

"Mtutu huu si ule," anasema Verna.

Upande wa chini kuna alama ya kucha, mpya, yenye ukingo mkali. Kando yake kuna maandishi. A.H., na A haina mstari wa katikati. Agosti 2023.

Mwandishi wa simulizi hii alikuwepo na aliyaona.

Sasa Verna anaeleza habari za boliti. Agosti yeye na Roy walikwenda kwa dada yake, siku tisa. Kibanda hakikufungwa, maana kwenye barabara hii hakuna anayefunga. Waliporudi alikuta spana kubwa imetundikwa kwenye msumari usio wake, na kopo la ulimbo limefunikwa vizuri, jambo ambalo yeye hajawahi kulifanya maishani.

"Na sakafu ilikuwa imefagiliwa," anasema. "Kila pembe. Mimi sifagii hivyo. Roy hafagii kabisa."

"Nilimtania," anasema Roy, na sauti yake haina utani. "Nilimwambia, tangu lini mwizi akafagia?"

"Waino alikuwa hivyo," anasema Bi Elma. "Humwachii Waino vumbi sakafuni. Mwanangu atakuwa alijifunza kwake." Ananyoosha kidole kilichopinda na kukipitisha juu ya herufi, taratibu. "Alikuja jikoni kwangu akaichukua. Akaja kwenu akaitengeneza. Akairudisha. Na mimi nilikuwa wapi? Kanisani. Nimekaa kanisani naomba arudi."

Verna anamshika bega. Anamuuliza kama wawaite askari.

"Waje na mbwa tena? Waache." Anavua miwani, anaifuta, anaivaa. "Watu husema asiyekuwapo na lake halipo. Mimi la kwake nimeliweka miaka kumi na minne. Sahani, kijiko, kila kitu. Kila Jumapili. Majirani wananiona nimechanganyikiwa, na mimi nawaacha waone." Kisha anauliza, "Huu msumari wenu wa kuandikia uko wapi?"

Verna anasema anaweza kumwandikia. Bi Elma anakataa. Anayesoma huko ndani, anasema, ataujua mkono wa mama yake.

Basi Verna anauzungushia mtutu karatasi, anaupaka ulimbo na kuubana kwenye jiliwa la Waino, upande wa chini ukitazama juu. Mama anashika msumari kwa mikono miwili. Herufi moja inachukua dakika mbili. Mara mbili msumari unamponyoka, na mara ya pili Roy anauokota na kumrudishia. Anapomaliza, chini ya Agosti 2023 kuna maneno mawili yaliyokwenda upogo: CHAKULA KIPO.

"Rudisha mbao," anasema. "Nina nyama motoni."

Mtutu unatolewa kwenye jiliwa, kitako kinarudi, skrubu mbili zinakazwa. Kwa nje hakionekani kitu. Bi Elma anaifunga bunduki ndani ya blanketi na kuondoka jinsi alivyokuja, katikati ya barabara.

Saa sita Roy ananyanyua simu na kumtazama mkewe. Verna anatikisa kichwa. Katalogi inaingia jikoni, kwenye kikapu cha kuwashia moto.

"Nikinunua jipya nitalifunga upande ule," anasema, akionyesha pembe ya meza. "La wateja. Hili halitoki hapa. Akija akakuta jingine, atadhani tumemfukuza."

Ameulizwa kama haogopi, mtu asiyejulikana anakula nini wala analala wapi kuingia kibandani mwake. Anafikiri kabla ya kujibu. Anaogopa, anasema, usiku akisikia mlango wa kibanda unagonga, anaogopa sana, na Roy anaogopa zaidi ila ni mwanamume. Kila asubuhi alikuwa akizikagua boliti kwa woga, kama zimeguswa. Kuanzia kesho atazikagua kwa sababu nyingine, zisije zikalegea mtu akiwa na kazi.

Mteja wa kwanza wa mchana anaingia na mtutu ulioziba. Verna anaanza kusugua, na vumbi la kutu, chembe za ulimbo na vipande vya karatasi vinaanguka miguuni pake. Kwa mazoea anaunyoosha mkono kwenye ufagio, halafu anauacha.

"Mpango wangu wa mwaka huu ni huo," anasema. "Sifagii hapa mpaka masika. Siku nitakayoingia asubuhi nikakuta pamefagiliwa, nampigia simu Bi Elma aongeze maji kwenye supu."