Shokapu za Dada Zuhura

Enzi zetu, na ninyi mliokula ubwabwa wa Idi sinia moja watoto kumi na wawili mtanielewa, baiskeli yenye shokapu ilikuwa jambo la kuitiwa watu. Kisarawe yetu ya miaka ya tisini ilijaa baiskeli nyeusi, ngumu kama kauli ya baba mkwe, za kubebea magunia ya mihogo. Ukipita kwenye shimo unalisikia mpaka kwenye magego. Basi siku Mjomba alipotuletea kutoka Dar baiskeli ya mtumba ya kupandia milima, ya zambarau, ina gia kumi na nane, na mbele ina mabomba mawili mekundu yanayobonyea na kuinuka, mtaa mzima ulikuja kubonyeza. Hata Bibi alibonyeza. Akatikisa kichwa, akasema, "Hii imelegea. Mrudishieni mwenyewe."

Haikuwa yangu. Alipewa dada yangu Zuhura kwa kufaulu darasa la saba, aende nayo sekondari. Mimi Shabani, mdogo wake wa miaka kumi, nilipewa ruhusa ya kuitazama. Mama alikuwa na msemo wake: "Cha mwenzio kitazame kwa macho, mikono ifunge nyuma." Nikaifunga mikono nyuma siku tisa nzima, na nani kati yenu angeweza zaidi?

Siku ya kumi Dada akaenda dukani, baiskeli akaiacha uani. Nikaitoa polepole, nikashuka nayo mteremko wa kuelekea bondeni. Jamani! Upepo unaingia shati linavimba, kaptula inapepea, nami najiona mfalme. Nikalivaa shimo moja tu, tena wala halikuwa kubwa. Pwaa! Bomba moja likazama moja kwa moja, lingine likabaki juu, na tukarudi nyumbani wote wawili tunachechemea.

Baba hakufoka. Aliketi barazani, akatoa hukumu: fimbo sita, halafu kila Ijumaa nioshe baiskeli ya dada yangu na kuijaza upepo mpaka amalize kidato cha nne. Shokapu nyingine ingepatikana wapi wakati ule? Fundi akapachika foku ngumu ya baiskeli nyeusi, uma wa chuma usiobonyea, ambao ulikuwa mrefu mno, na mbele pakanyanyuka. Dada akaenda shule miaka minne amekaa kama mtu anayetafuta nazi zilizokomaa. Wenzake wakaiita Ndege.

Nikaosha Ijumaa zote, sikukosa hata moja. Lakini hiyo haikuwa adhabu. Adhabu yenyewe ni kwamba hakuna arusi, hitima wala kikao cha ukoo ambacho Dada Zuhura hakusimama akaninyooshea kidole: "Mnamwona huyu? Ndiye aliyeniulia baiskeli yangu!" Miaka thelathini sasa. Nina mvi ndevuni, wanaume wenye vitambi wananiamkia shikamoo, na bado ni muuaji wa baiskeli.

Mwaka huu binti yake akachumbiwa. Nikawaza nitakavyotambulishwa kwa wale wakwe wageni, nikasema hapana, safari hii sikubali. Fremu ilikuwa bado ipo Kisarawe, kuku wanalalia. Nikala njama na shemeji, mume wa Dada, tukaitoa kimyakimya, nikaileta kwangu Kibaha. Nia yangu ilikuwa moja: nimrudishie Dada baiskeli yake vilevile kabla ya arusi, anisamehe, na kesi ifungwe.

Nikaipeleka kwa fundi wa mtaa wa Kwa Mathias, kijana hodari, ila mdomo wake hauna breki.

"Mzee, hizo shokapu za kale spea zake zimezikwa na wenyewe. Nikuwekee hii ya kisasa, ina breki ya diski. Mtaa utakukoma!"

"Sitaki mtaa unikome. Nataka iwe vilevile."

"Vilevile kama lini?"

"Kama mwaka niliochapwa."

Akacheka, akaiweka ya kwake. Ewaa, makosa yakaanza! Shokapu za siku hizi ndefu kama vijana wenyewe, mbele pakanyanyuka, Ndege akarudi. Breki za zamani hazikuwa na pa kushika. Shingo yake ilikuwa nene, usukani wa zamani ukapwaya ndani yake, kijana akauzungushia kipande cha kopo la maziwa, akaniambia, "Tesa, mzee." Nikatesa hatua ishirini. Nikakata usukani kushoto, tairi likaendelea na safari zake, nikaishia kwenye meza ya mama muuza vitumbua. Mama wa watu akaniuliza nataka vingapi.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kitu cha zamani kina masharti. Nilihitaji shokapu ya rika lile lile: fupi, shingo nyembamba yenye nyuzi, yenye vishikio vya breki za mpira, na ndani iwe na vipande vya mpira, siyo mambo ya upepo na mafuta. Juu yake iwe na vile vifuniko vya mpira vilivyokunjamana kama soksi iliyoshuka. Niliitafuta majuma matatu. Usiku sikulala vizuri, mke wangu akawa anauliza jina la huyo mwanamke.

Nikaiona Mlandizi, kando ya gulio, kwenye baiskeli ya mzee mmoja wa Gwata aliyeleta mihogo. Nyekundu! Nikamwamkia, nikamwambia nitampa foku ngumu mpya na keria mpya, anipe ile yake. Mzee akanipima juu mpaka chini.

"Mtu anayetoa kipya achukue kikuukuu, ama hana akili ama ametumwa na mganga. Wewe ni yupi?"

Ikabidi nimsimulie kisa chote, na fimbo zake. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Chukua," akasema. "Na mimi nina dada. Halafu mdude wenyewe, kila nikipakia gunia unasujudu kabla ya adhana."

Siku mbili kabla ya arusi nikaiingiza baiskeli uani Kisarawe, inang'aa, imesimama sawasawa. Wanawake walikuwa wanachagua mchele, wakaacha. Dada Zuhura akaja, akayabonyeza yale mabomba mara moja, mara mbili. Nilitegemea machozi. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye mkeka, khanga imemtoka kichwani.

"Shabani, mdogo wangu, njoo ukae. Siku moja kabla hujaichukua, niliigonga kwenye kisiki nikiwaringia wenzangu. Bomba lilishakatika ndani. Nikalirudisha kwa goti, nikafuta vumbi, nikaiegesha pale utakapoiona, nikajitia nakwenda dukani. Nilijua tu hukosi."

Nikauliza, "Zile fimbo sita?"

"Zihesabu sadaka."

"Na Ijumaa za miaka minne?"

"Baiskeli ilikuwa inang'aa jamani! Mungu akulipe."

Nilikasirika, tena sana, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kikombe cha pili nilikuwa nacheka kuliko yeye, na kifua kilikuwa chepesi ajabu.

Siku ya arusi, mbele ya wakwe wote, Dada Zuhura akasimama, akanielekezea kidole. "Mnamwona huyu? Ndiye aliyeniulia baiskeli yangu!" Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Nikainuka, nikainamisha kichwa kama mkosaji, nikakaa.

Binti yangu, ambaye aliujua ukweli, alinifuata baadaye amekunja uso, akaniuliza kwa nini sikujitetea. Nikamtazama, na simu yake mkononi, na mdogo wake kule kwenye kona na yake. Hawajawahi hata siku moja kugombania kitu. Kila mmoja ana chake, na kikivunjika, kimevunjwa na mwenyewe.

"Mwanangu," nikamwambia, "sisi tulikuwa na baiskeli moja tu."