Update iliua monitor yangu siku tatu kabla mama hajamwona mjukuu wake

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi huwa nasoma tu hapa jukwaani, sichangii. Leo nimeamua kuandika kwa sababu hii kitu nikikaa nayo kifuani peke yangu itanilemea. Yote yalitokea mwezi uliopita, sijaongeza chumvi, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Kama umeingia hapa kwa sababu monitor yako imegoma baada ya update, vumilia, suluhisho limo humu ndani.

Background kidogo. Naishi nyumbani, upande wa Ekerenyo, Nyamira. Mimi ndiye kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye hubaki na boma. Baba alishafariki. Mke wangu alirudi kwao Marani miaka miwili iliyopita akaenda na mtoto, na hayo sitayaeleza, mnisamehe.

Kwa hivyo bomani tuko wawili. Mimi kwa nyumba yangu, mama kwa nyumba yake. Katikati ni hatua kama thelathini na migomba kadhaa.

Kazi yangu ni transcription. Navaa headphones asubuhi, nasikiliza mikutano ya watu wa nchi za mbali, naandika walichosema. Nasikia sauti za watu siku nzima na hakuna hata mmoja anayeniongelesha mimi. Jioni nasonga ugali wa mtu mmoja. Kule ng'ambo ya migomba naona moshi wa mama, naye anasonga wa kwake.

Sasa mama ana shida ya macho. Miaka minne iliyopita kliniki walisema ni presha ya macho, wakampa dawa ya matone. Kwa simu alikuwa haoni kitu, hata uisogeze mpaka puani.

Kaka yangu mkubwa, Nyabuto, yuko majuu mwaka wa tisa huu. Makaratasi yake hayajakaa sawa, kwa hivyo hawezi kuja. Kila Jumapili saa tisa anapiga video call.

Mimi nikajiongeza. Nikawa nabeba monitor yangu ya kazi, inchi ishirini na nne, naiweka juu ya meza ya sebuleni kwa mama. Webcam naibana juu yake. Laptop, ambayo screen yake ni ndogo na ina ufa, inakaa kwa stuli kando yangu, imenielekea mimi.

Uso wa Nyabuto unajaa pale mkubwa kama sinia. Siku ya kwanza mama alisema, "Sasa namwona." Wakuu, nilijisikia fundi.

Haya. Mwezi uliopita Nyabuto akapata mtoto wa kike, wa kwanza. Akamwita Moraa, jina la mama. Kwetu mtoto kupewa jina lako ni jambo kubwa, yule mtoto ni wewe tena. Nyabuto akasema Jumapili inayofuata atamwonyesha Moraa mkubwa Moraa mdogo, na mama akaanza kuhesabu siku kama mtoto wa shule anayengoja kufunga.

Alhamisi asubuhi laptop ikaomba update. Nikabonyeza restart, nikaenda kuchuma mboga.

Kurudi, laptop iko sawa, monitor iko giza. No Signal.

Nikaanza na yale ya kawaida. Nikachomoa waya, nikachomeka tena. Nikazima monitor na kuichomoa ukutani dakika kumi. Nikaingia menu yake nikahakikisha input ni ile ninayotumia. Nikabonyeza kile kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na P, nikajaribu Duplicate, nikajaribu Extend. Wapi.

Nikabonyeza dirisha, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, ile ya kuamsha graphics. Screen ya laptop ikapepesa, ikalia kidogo. Monitor ikanitazama tu.

Ijumaa nikaingia Device Manager, nikarudisha driver ya zamani, ile programu inayoendesha screen, kwa Roll Back. Picha ikaja. Nikashangilia peke yangu kama mwendawazimu. Baada ya saa moja ikapotea tena, nikagundua laptop imejiwekea driver mpya bila kuniuliza.

Hapo katikati mama akaja. Akina mama wa rika lile hawaingii hivihivi nyumba ya mtoto wao aliyeoa, wanasimama nje wanaita. Akaita, "Omwana one, mwanangu, una nini siku mbili hutoki?"

Nikamjibu kutoka ndani, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Mama, niache kidogo nitengeneze hii kitu. Si unataka kumwona mtoto?"

Nikasikia fimbo yake ikirudi taratibu. Sikuinuka hata kuchungulia.

Jumamosi nikafunga monitor kwa blanketi, laptop nikaitia kwa begi, nikashika boda, nikaenda Kisii town kwa Bi Zuhura. Familia yao ina duka la vifaa vya umeme karibu na msikiti. Babu yake alikuja kutoka pwani akaoa Mgusii, na sasa Bi Zuhura anaongea Ekegusii kunishinda mimi. Ukimletea kitu kibovu haanzi kukigusa, anauliza kwanza.

"Waya wa monitor yako unaingilia wapi?"

Nikamwonyesha. Monitor ni ya zamani, ina tundu la VGA peke yake, kwa hivyo natumia adapter kutoka HDMI ya laptop.

"Basi monitor haijafa," akasema. "Driver mpya inaipelekea kipimo isichoweza kubeba, na hiyo adapter inapitisha tu bila kusema kitu. Ukisema giza ndilo ugonjwa utazunguka sana."

Akaunganisha monitor nyingine ya dukani, laptop ikaikubali. Akaingia display settings, Advanced, akashusha refresh rate mpaka 60 na resolution akaipunguza hatua moja. Akarudisha yangu. Picha ikaja.

Akaniambia, "Ukifika nyumbani simamisha updates kabla hujawasha internet, la sivyo itajirudia."

Wakati nafunga blanketi akauliza haraka yangu ni ya nini. Nikamweleza habari ya Moraa mdogo.

"Na macho ya mama yamefika wapi siku hizi?"

Nikamwambia yako sawa, bora screen iwe kubwa. Nilijibu upesi, kama mtu anayejua.

Jumapili saa nane na nusu nilikuwa sebuleni kwa mama. Yeye alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani na ameketi wima kwa kiti chake, mikono magotini. Nikapanga meza. Nikawasha hotspot ya simu nijaribu sauti.

Si mnaona kosa. Updates sikusimamisha. Bi Zuhura aliniambia na nilisahau kabisa, kichwa changu kilikuwa kwa waya.

Dakika tano kabla ya saa tisa, monitor ikapepesa, ikaandika No Signal, halafu hata hayo maandishi yakazima. Kioo kikawa cheusi tii.

Saa hiyo hiyo Nyabuto akapiga.

Nikapokea kwa laptop ili asikatike, nikasema, "Subirini kidogo," nikainama chini ya meza kushika adapter. Niliona kama nimemnyang'anya mama kitu ambacho hakitarudi.

Nikiwa kule chini nikasikia Nyabuto, sauti imejaa furaha, "Mama, huyu hapa. Huyu ndiye wewe. Unamwona?"

Na mama akasema, "Namwona."

Nikadhani anamtuliza. Lakini akaendelea.

"Waa, ni mzuri. Angalia, amechukua pua yangu."

Nikatoa kichwa chini ya meza. Mama alikuwa ametabasamu, ameinama mbele kidogo, macho yameelekea ile monitor. Monitor nyeusi, wakuu. Haikuwa na hata nukta ya mwanga.

Nyabuto kule akacheka, akasema ndiyo, pua ni yenyewe. Kwa webcam yeye alikuwa anaona uso wa mama unaotabasamu, angejuaje?

Niliketi pale sakafuni, adapter mkononi, mpaka walipomaliza. Mama alimwimbia mtoto, akambariki, akamwambia Nyabuto amfunike vizuri kwa sababu huko kuna baridi. Dakika arobaini alikiongelesha kioo.

Simu ilipokatika nikamuuliza, "Mama, umeona nini?"

Akauliza pole pole, "Ilikuwa imezima?"

"Tangu mwanzo."

Akavua kitambaa, akakikunja vizuri. Akasema, "Si leo tu. Tangu mavuno ya mahindi naona mwanga wa dirisha na wa mlango tu. Watu siwaoni."

Nilihisi vibaya, hata sijui niandike vipi. Mavuno ilikuwa miezi saba iliyopita. Miezi saba natembea mbele yake na hanioni, na mimi sijui.

Hapo ndipo mambo mengine yote yakanijia. Kushika kamba ya nguo akienda chooni. Kungoja nimsalimie kwanza ndiyo ajibu. Chai kumwagika. Mimi nilisema ni uzee, nilisema ni matope.

Mtaniuliza, boma moja, hatua thelathini, ulikosaje kujua? Nitawaambia. Kwetu mwanaume akishatahiriwa haingii ndani kwa mamake ovyo. Unaishia sebuleni, na hata hapo unakuja na jambo. Jikoni kwake sijakanyaga tangu nikiwa darasa la saba. Ni heshima, sikatai. Lakini nilijificha nyuma ya heshima hiyo, kwa sababu nilikuwa na huzuni zangu na sikutaka mtu azione.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

Akasema, "Ningekuambia, hiyo kitu ya kuonyesha watu ungeiacha kwako. Na wewe ungekaa kwako nayo. Jumapili ndiyo siku unakuja unaketi."

Wakuu, mama yangu alikuwa anajifanya kuona ili nije.

Jumatatu nilifanya kila kitu kwa utaratibu, na hii ndiyo dawa kwa mwenye shida kama yangu. Zima internet kwanza. Nenda Device Manager, Display adapters, rudisha driver kwa Roll Back. Simamisha updates. Kisha Advanced display, weka 60, shusha resolution mpaka monitor ikubali. Ukiweza tafuta monitor yenye HDMI yake yenyewe, hizo adapter ni za kubahatisha.

Picha ilirudi saa nne asubuhi, safi kabisa. Niliketi nikaitazama. Hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Jumatano nikampeleka mama kliniki ya macho Kisii. Daktari, mwanamke mmoja mpole, akampima, akasema yaliyopotea hayarudi, watajaribu kulinda huo mwanga uliobaki. Akaniuliza matone aliacha kutia lini. Sikujua. Akauliza alianza lini kugonga vitu. Sikujua. Akaandika kitu kwa karatasi bila kunitazama. Nililia kwa choo cha kliniki, nikanawa uso nikatoka.

Nilichojifunza ni hiki. Siku tatu nilikagua waya, port, driver na kipimo, nikiwa na hakika najua kilichoharibika. Mama hata swali moja sikumuuliza. Mwenye mzazi nyumbani, muulize anaona nini. Usimuulize kama anaona, atakuambia ndiyo. Inua vidole umuulize ni vingapi.

Siku hizi nimehamishia meza ya kazi sebuleni kwa mama. Naandika, yeye anachambua maharagwe kwa vidole. Hatuongei sana. Akisikia nimenyamaza kuandika anauliza kama nimechoka. Kula tunakula pamoja, chungu kimoja, na majirani wanasema mimi mtu mzima nimerudi kwa mama. Wacha waseme.

Lakini kuna jambo limenishinda, ndiyo maana niko hapa.

Nyabuto hajui. Mama amenikataza kabisa. Anasema Nyabuto akijua ataacha kumwonyesha mtoto, atakuwa anapiga ya sauti, dakika mbili, amemaliza. Kwa hivyo kila Jumapili tunawasha monitor, mimi naketi karibu namnong'oneza: amevaa sweta ya kijani, mtoto anapiga miayo, sasa amemgeuza. Yeye anayasema kwa sauti, na Nyabuto anafurahi kule.

Jumapili iliyopita, baada ya simu, mama aliniuliza kama ni kweli mtoto ana pua yake, ama Nyabuto alikubali tu.

Nyabuto alikuwa ametuma picha. Niliifungua kwa ile monitor, nikaitazama vizuri, nikamtazama na mama. Pua ni ya upande wa mkewe Nyabuto, hata kipofu hawezi kubisha.

Nikamwambia, "Ni yako, mama. Yako kabisa."

Akacheka mpaka akashika tumbo.

Sasa niambieni, ungekuwa wewe, ungemweleza Nyabuto? Hata ukiona nimekosea, niambie tu waziwazi. Nasoma kila mtu.