Vidole Sita Ukutani

Udongo wa kichuguu ukinyeshewa hutoa harufu ya chungu kipya, na hiyo ndiyo harufu ya ukuta wetu. Uko nyuma ya mihogo ya Bibi, wala si mrefu. Mbuzi mwenye nia anauruka. Ni mabaki ya boma la watu waliotoka pwani zamani kutafuta pembe za ndovu, wakawalazimisha wengine kuwajengea hapa Kasongo. Matofali yake, ambayo sisi twayaita matafari, ni mapana kama mito ya kulalia, na kila moja lina alama za vidole vinne vilivyobonyezwa kabla halijakauka.

Nilikuwa na miaka kumi, na mdomo uliozidi miaka. Msimu ule wa mvua mwalimu alitufundisha habari za piramidi, nami nikatangaza kwamba kwetu ipo moja, imekaa chini tu kwa uchovu. Wenzangu walikuja, wakaona, wakacheka. Rafiki yangu Amisi akasema, "Piramidi gani hii? Hata kuku ya kwetu inalala pazuri kuliko hapa." Nikajibu palepale kwamba ukuta ulijengwa na jitu lenye vidole sita. "Sita? Mbona naona ine?" "Rudi kesho. Leo macho yako iko na njaa." Walipoondoka nikachukua msumari, nikachagua tofali lenye alama zilizo wazi kuliko yote, lile ambalo kidole chake cha mwisho kilipinda kidogo. Nikavipanua vidole vinne hadi vikawa kama mihogo, nikaongeza viwili. Kesho yake Amisi alitia mkono, akauchomoa, akatimua mbio. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Sasa, Bibi alikuwa na desturi ya kuegemea ukuta ule kila akienda kupanda karanga. Siku zote nilidhani anapumzisha mgongo. Asubuhi ile aliweka mkono, ukazama. "Nani amechimba hapa?" "Jitu, Bibi," nikasema, bado nikicheka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Hakunipiga, afadhali angenipiga. "Hapa ilikuwa mukono ya bibi ya mama yangu," akasema. "Walimukamata kule Kabambare, wakamuleta hapa kufinyanga matafari. Akakufa. Kaburi yake hatuijue. Mama alinionyesha hii moja tu, aliitambua kwa ile kidole ya mwisho." Akaninyooshea mkono wake, nami kwa mara ya kwanza nikaona kidole chake cha mwisho: kimepinda. Akaurudisha tena ndani ya tundu, ukacheza kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba. "Sasa iko ya nani, mwanangu?"

Leo niko sekondari, bado darasa linanitegemea kwa kicheko. Bibi bado anapanda karanga, ila ukutani hapiti. Anazungukia upande wa mto. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilipanda pikipiki, kwa maana mwaka huu mwanafunzi mgeni kutoka Wamaza alinisimulia, macho yamemtoka, habari za jitu la vidole sita la Kasongo. Nikamwambia hapana, alikuwa mwanamke, tena wa ukoo wetu, na vidole sita nilivichonga mimi kwa msumari. Akacheka hadi akashika tumbo. "Weye mutu ya mizaha," akasema. "Mimi huniwezi."