Saa ya Morisi kwenye Msumari Wangu

Mdogo wangu wa kike alipopiga simu kusema mumewe anampeleka kisiwani Morisi wiki nzima, kupumzika tu, nilimpongeza kwa kicheko kikubwa hadi kuku wa jirani wakahama. Moyoni nilikuwa nimekunja ngumi. Mimi ndiye niliyesoma shule ya jioni miaka minne, nikazijua longitudo kama vidole vyangu. Yeye kipindi cha jiografia alikitumia kusinzia. Mimi safari yangu ndefu kuelekea maji iliishia Ikola kando ya ziwa, nako nilifuata dagaa.

Halafu akataka nimpangie muda. "Kaka, si wewe ndiye mtaalamu? Nikimpigia mama saa saba mchana ya kule, nikishamaliza kula, huko kwetu Kakese itakuwa saa ngapi?"

"Saa sita," nikajibu bila kalamu. "Nyuzi kumi na tano ni saa moja. Wao wanatangulia."

"Kumbe hata jua tunalipata kabla yenu nyie!"

Bado hajapanda ndege, tayari anasema "tunalipata". Liliniuma hilo.

Mama akasema hesabu hizo zitamchanganya, nimletee saa ya ukutani kutoka sokoni Mpanda, niitegeshe kwa majira ya Morisi. Nikaleta. Sasa, ukuta wetu wa sebuleni ulikuwa na msumari mmoja tu, wa cheti changu cha shule ya jioni. Mama akakishusha, akakiegemeza nyuma ya kabati.

"Cheti hakina mishale," akasema.

Tangu siku hiyo tukahamia Morisi. Mama alipika kwa saa ile ili ale pamoja na binti yake. Mimi nikirudi mchana kutoka kwenye karakana ya kuchomelea, njaa imeshaniua mara saba, ugali umepoa, na mama anatazama ukutani: "Sasa hivi atakuwa anaogelea." Mimi ninayeoga kwa ndoo hakuna aliyenikadiria.

Jumamosi asubuhi nikapanda kwenye kiti, nikairudisha saa ya Morisi nyuma saa nzima. Mama akaitazama, akaona muda bado, akaenda kupalilia karanga. Simu aliiacha kwenye chaji.

Ikaita. Nikapokea. Mdogo wangu akatokea kwenye video, kofia pana kama ungo.

"Mama yuko wapi? Shemeji yako alitaka tuhakikishe muda kwenye intaneti, nikamwambia kaka yangu hakosei."

Nilikimbia na simu ile mbio ambazo swala wa Katavi wangeomba niwafundishe.

"Kaka, mbona naona mawingu tu?"

Wakaongea. Mama alicheka, akafuta machozi, akamwonyesha karanga moja moja. Tuliporudi ndani akatazama simu, akatazama ukuta: zote mbili zilisema saa sita na nusu.

"Betri hiyo," nikawahi.

"Betri ikiisha saa inasimama. Hairudi nyuma." Akanikazia macho. "Unamwonea mdogo wako wivu?"

"Naionea hiyo saa, mama. Imekaa kwenye msumari wangu."

Akaingia chumbani, akatoka na nyundo na kopo la misumari. "Jitu zima, si ungesema? Irekebishe kwanza saa ya mwenzio."

Mdogo wangu alisharudi siku nyingi, na mama bado anapika kwa saa ya Morisi. Cheti changu kiko juu ya saa hiyo kwa vidole viwili. Nilipima.