Kikao cha Ijumaa cha Kuambiana Kasoro

Kila Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mume wangu alinikalisha ukingoni mwa kitanda, akaomba, akafungua daftari, kisha akanisomea kasoro zangu. Ungekuwa ugomvi, ningejua pa kuushika. Lakini kilikuwa kikao. Kilifunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala, na katikati niliambiwa, kwa sauti ya upole kama ya daktari wa meno, kwamba wiki hiyo nimecheka sana mbele ya wanaume, nimesinzia wakati wa maandiko, na nimemjibu kwa mkato mara tatu.

Desturi hiyo aliitoa misheni. Sisi ni Wamormoni wa Mwanza, na vijana wetu wengi wa kiume huenda misheni miaka miwili kuhubiri nchi za watu. Huko hupangwa wawiliwawili. Mmisionari haruhusiwi kumwacha mwenzake hata akienda kununua mkate, na mara moja kwa wiki hukaa chini wakaambiana kasoro, wakasameheana, wakaendelea na kazi. Kwa vijana ambao baada ya miezi michache watatenganishwa na kupewa wenzao wengine, ni desturi nzuri, siwezi kuikashifu. Ila mume wangu alirudi nyumbani na begi, suti mbili, na desturi hiyo, na mtu wa kumfanyia nilikuwa mimi.

Najua watu wakisikia Wamormoni wanafikiria nini. Kwenye soko la Guangzhou, China, nimeulizwa na Watanzania wenzangu, tena Wakristo, mimi ni mke wa ngapi. Wa kwanza na wa pekee. Mume wangu hakuhitaji wake wanne. Alikuwa na mmoja akamchosha kwa zamu ya wote.

Tulihitimu Dodoma mwaka mmoja, yeye ualimu wa hisabati, mimi ununuzi na ugavi. Wiki tatu baada ya mahafali tukafunga ndoa, kwa sababu kwetu kijana aliyerudi misheni akichelewa kuoa kila mtu humtazama kwa huruma. Ajira hakuna. Tukakaa kwa dada yake mwenye duka la nguo Mwanza, tukala chakula chake, mpaka siku moja dada huyo akachoka kututazama tukigombania rimoti, akasema nendeni China mkaninunulie mzigo, angalau mjifunze kitu. Mume wangu alifurahi mpaka akasimama. Si kwa sababu ya nguo. Alikwenda kwenye ramani ya simu, akanionyesha: kutoka Guangzhou mpaka Hong Kong ni safari ya basi ya asubuhi moja, na Hong Kong kuna hekalu.

Hapa lazima nieleze, maana ndipo penyewe. Ndoa yetu tulifungishwa na askofu wetu kanisani, na ndoa ya namna hiyo huisha mmoja akifa. Hekaluni mnaunganishwa, na mkishaunganishwa kifo hakiwatenganishi. Huko mbele mtakuwa mume na mke daima na milele. Kwetu mahekalu yako mbali, watu huuza ng'ombe ili wafike. Mimi nimekulia chini ya picha ya hekalu iliyobandikwa sebuleni juu ya redio, na tangu nina miaka kumi na minne nilitaka kitu hicho kuliko chuo, kuliko gari, kuliko watoto. Nasema hivi wazi kwa sababu baadaye walijitokeza watu wakasema sikuwa na imani. Imani nilikuwa nayo. Waende zao.

Basi tukaja. Vibali vya kuingia hekaluni tulivikata nyumbani, tukavitia kwenye bahasha pamoja na pasipoti. Tulipanga wiki nne za kununua nguo, mzigo upelekwe kwa wakala bandarini Huangpu, kisha Ijumaa ya mwisho tupande basi.

Wiki nne hizo nilizichukia zote. Shahe, soko la nguo za jumla, hufunguliwa kabla hakujapambazuka, na kufikia saa moja asubuhi huwezi kugeuza shingo. Watu wanasukuma mikokoteni kana kwamba miguu ya wateja ni nyasi. Unashika suruali, muuzaji hainui macho kwenye simu yake, anasema “mei you,” hakuna, wakati suruali yenyewe imening'inia mbele ya pua yako. Ukiomba akupunguzie anakuambia “bu yao,” sitaki, na kukupunga mkono kama inzi. Maduka ya jumla ya barabara ya Zhanqian yalikuwa na viyoyozi, lakini dharau ni ile ile, tofauti yake inauzwa ghorofani.

Na katika yote hayo mume wangu alikuwa hatua moja nyuma yangu. China mgeni haruhusiwi kuhubiri dini, na yeye ni mtu wa kutii sheria. Kwa kuwa alikatazwa kumhubiria Mchina, alinihubiria mimi. Nikipanda ngazi, yupo. Nikiingia chooni, nikitoka namkuta amesimama na begi kifuani, anasoma maandiko kwenye simu. Nikimwambia nenda wewe Zhanqian mimi nibaki Shahe, tutamaliza haraka, ananijibu kwamba wenzi hawaachani.

Wiki ya pili tulikaa dukani kwa mama mmoja wa Kichina, laoban wa magauni ya watoto. Laoban ni bosi, mwenye duka. Alikuwa mtu wa kwanza katika mji ule kunivutia kiti. Akachemsha maji, akamimina chai katika vikombe vidogo kama vifuniko vya chupa, akanipa mkononi kwa mikono miwili. Sisi chai hatunywi, wala kahawa. Ni amri yetu. Nilikishika kile kikombe. Kilikuwa cha moto na kilinukia maua, na yule mama alikuwa ananitazama kwa tabasamu, nami nilikuwa sijatabasamiwa siku tisa. Nikakirudisha mezani bila kunywa, nikaweka mkono kifuani kuomba radhi. Laoban akanuna. Akaimwaga chai kwenye sinia, akatuambia magauni yote yameshauzwa.

Ijumaa ile kwenye kikao mume wangu akasoma: “Mwenzangu, siku ya Jumanne ulishika kikombe cha chai kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kukataa.”

“Sikunywa,” nikasema.

“Sikusema umekunywa. Nimesema ulikishika. Uliinusa.”

“Wewe ulikuwa unahesabu?”

“Nakusaidia. Tunakwenda nyumba ya Bwana.”

Nikamwambia nyani haoni kundule. Aliandika hilo nalo, nikaona kalamu ikitembea, chini ya kichwa cha lugha chafu. Siku hiyo nilimchukia waziwazi. Nilikuwa nimezoea kujiambia kwamba nimechoka, kwamba ni joto, kwamba ni njaa ya ugali. Hapana. Nilikuwa namchukia mtu aliyelala upande wa ukutani, na baada ya wiki mbili tungeunganishwa naye milele.

Hotelini tulipakana na mama wa Lubumbashi, mfanyabiashara wa vitenge na simu, mlokole, mnene, mwenye sauti ya kuita watu barabarani. Alinikuta kwenye korido nimekaa juu ya marobota yangu ninalia, mume wangu akiwa anaoga. Ndiyo nafasi pekee niliyokuwa nayo.

“Mwana yangu, unalia juu ya nini?”

Nikasema hakuna kitu, mama.

“Haiko kweli. Ni ule bwana yako. Minamuona. Iko mume ao iko gardien? Hakuachake hata kidogo. Hata Dieu mwenyewe anaachake watu wapumuzike siku moja kwa juma.”

Gardien kwao ni mlinzi. Nilicheka huku machozi yanatiririka. Akaniuliza kwa nini simwambii. Nikamweleza habari ya hekalu, kwamba imebaki wiki moja, kwamba tukishaunganishwa mambo yatakaa sawa.

“Nani alikuambia?”

Mlango wetu ukafunguka, mume wangu akatoka na taulo begani, akamsalimia mama shikamoo kwa heshima zote. Alikuwa amesikia. Kwenye kikao kilichofuata nilishtakiwa kwa kumsema mume kwa watu wa nje.

Ijumaa ya mwisho mzigo ulikuwa umeshaondoka kwenda Huangpu. Tukapanda basi la asubuhi. Nilipakata mfuko wenye gauni jeupe nililoshonewa Mwanza. Nje ilikuwa barabara pana, viwanda, madaraja, migomba, viwanda tena. Watu wote kwenye basi walikuwa wamelala au wanatazama simu. Mume wangu akainamisha kichwa, akaomba kwa kunong'ona, akafungua daftari.

“Hata leo?” nikasema.

“Leo hasa. Ni kikao cha mwisho kabla ya umilele. Tusiingie na kitu moyoni.”

Akasoma kumi na moja. Nilihesabu kwa vidole chini ya mfuko. Ya tisa ilikuwa kwamba asubuhi ile nilipiga mswaki kwa hasira. Alipomaliza akafunga daftari, akanigeukia kwa uso ule wake safi, usio na ubaya, na hicho ndicho kilichonimaliza, kwamba hakuwa na ubaya.

“Zamu yako, mwenzangu.”

Miezi yote ile, zamu yangu ilipofika nilisema sina. Ukimwambia neno unapewa aya. Safari hii nikasema, “Ninayo moja.”

“Sema.”

“Sikutaki milele.”

Hakuelewa. Aliniinamia kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

“Hapa duniani nitakuvumilia,” nikamwambia. “Niliapa mbele ya askofu, nitakaa. Nitakupikia, nitakuzalia. Lakini sitaki nikifa nikukute huko umekaa ukingoni mwa kitanda na daftari. Sitaki, bwana. Kifo ndiyo mapumziko yangu, na unataka kuniondolea.”

Nilikuwa nimepandisha sauti. Mchina mmoja wa mbele alivua kisikizio akageuka, akakirudisha. Mume wangu alitazama kiti cha mbele yake. Kisha akalirudisha daftari kwenye begi.

Tulipoona mabango ya Shenzhen akasema polepole, “Nilijua.”

“Ulijua nini?”

“Kwamba hunitaki. Tangu Dodoma. Nilidhani tukiwahi kuunganishwa, utatulia. Ndiyo maana nilikuwa nakuharakisha.”

Nilitegemea nimwonee huruma. Badala yake damu ilinipanda kichwani. Kumbe ile picha ya sebuleni kwetu, kitu nilichokitamani nikiwa msichana, yeye alikuwa anakitumia kama kufuli. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa neno hilo. Akasema, “Dada ameshaoka keki. Nyumbani wote wanasubiri picha.” Nikasema waambie wale keki.

Mpakani wote tulishushwa na mizigo yetu. Kuna ukumbi mkubwa mweupe, na foleni ya wageni iko peke yake upande wa kulia. Yeye akaingia kwenye foleni. Mimi nikasimama kabla ya mstari wa manjano, na mfuko wangu. Mbele yake walikuwepo watu wengi, foleni inakwenda kidogo inasimama. Aligeuka mara moja, akanitazama. Kisha akatoa bahasha mfukoni, akachomoa pasipoti yake na kibali chake, akanyoosha mkono juu ya kamba ya foleni akanipa bahasha yenye vyangu. Alifanya hivyo kwa adabu. Foleni ikasogea naye akasogea. Akafika dirishani, akapigwa picha, akagongewa mhuri, akapita upande wa pili akiwa na suti yake begani.

Nilirudi Guangzhou na basi jingine. Yeye alirudi Jumapili, usiku ukiwa bado mchanga, akaniambia hekaluni kulikuwa na amani. Tuko Mwanza sasa, tuna duka letu dogo nyuma ya la dada yake, na tuna mtoto mmoja. Ijumaa asubuhi kila mtu huamka kwa wakati wake. Kanisani wanajua kwamba mke ndiye aliyekataa, na akina mama hunikwepa kidogo wakati wa kupeana mikono. Wakiniuliza, ninawajibu kwa ukali kwamba ndiyo, nilikataa, na ningekataa tena.

Ila lipo moja ambalo sijamwambia mtu, hata yeye. Pale kwenye mstari wa manjano nilisimama karibu nusu saa, nikimtazama kisogo. Walikuwa wamebaki watu sita mbele yake, wakawa wanne, wakawa wawili. Kamba yenyewe ilikuwa nyepesi, mtoto angeiinua. Angetoka kwenye foleni ile akarudi niliposimama, hata bila kusema neno, ningekwenda naye mpaka hekaluni siku hiyo hiyo.